Hotuba ya Baba Iliyoishia Kwenye Salamu

Jumapili, mvua. Tena si mvua ya maana, ni haya manyunyu ya London yanayokulowesha bila hata kukuheshimu. Nimerudi kazini mchana huu, nimekaa na koti langu mwilini, sina hata nguvu ya kulivua. Naandika hapa kwa sababu sioni wa kumwambia.

Nimechoka, jamani.

Kwa aliye mgeni kwenye ukurasa huu: nawasomesha wanangu nyumbani, hapa hapa Kingsbury, kwenye meza ya kulia chakula. Neema ana miaka kumi na sita, Baraka kumi na minne. Neema aligoma kwenda shule baada ya wenzake kumfanya kichekesho mwaka mzima, na mdogo wake akasema naye haendi. Nikasema basi, nitakuwa mwalimu. Asubuhi nawaogesha wazee wa watu, mchana nafundisha historia. Mwezi huu ni zamu ya ukomunisti.

Hivi mimi na ukomunisti, wapi na wapi? Lakini nilihangaika, nikatafuta. Niliamua wajifunze kwa hotuba maarufu, maana vitabu vinawalaza. Nikapata Mrusi mmoja wa kwenye filamu za zamani, anarusha mikono juu ya jukwaa la mbao na picha zinarukaruka. Nikapata mwingine wa kisiwa jirani na Marekani anayeongea mpaka jua linazama bila kumeza mate. Nikaweka na Mmarekani wa kuwapinga, ili wasikie pande zote. Wote wana maandishi ya Kiingereza chini. Kila hotuba tunaiuliza maswali matatu: anaongea na nani, anataka nini, na anawavutaje watu. Neema ni makini sana kwa hilo. Alimchambua Mrusi mpaka nikatamani kumpigia makofi.

Halafu nikajitia ujuaji. Nikasema, mbona na sisi tunayo yetu?

Baba yangu, yaani babu yao, alikuwa mwenyekiti wa kijiji wakati watu wa kwetu Dodoma walipohamishiwa vijiji vya ujamaa. Alikuwa kijana tu. Jioni moja, kabla malori hayajaja, alisimama mbele ya watu akawaambia wafungashe. Hotuba hiyo nimekua naisikia ikitajwa. Wapo wanaosema ndiyo iliyofanya watu wahame bila fujo, na wapo ambao mpaka leo hawamsalimii. Yeye mwenyewe hajawahi kutueleza alisema nini. Ukimuuliza anaomba maji ya kunywa.

Sasa mapafu yanamsumbua na hatutarajii apone. Nilitaka wanangu wamsikie mara moja tu, kwa mdomo wake, aseme yale maneno na yaliyofuata. Nikapiga simu nikamwomba. Nilijua atakataa, akakubali! Alichokasirikia ni kuambiwa kwamba somo lenyewe ni la ukomunisti. Yeye ni mzee wa kanisa, alisema, na makomunisti hawasali. Nikamwambia sawa baba, tutaliita somo la ujamaa. Yakaisha.

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Mdogo wangu Tabitha, anayeishi na baba, aliegemeza simu kwenye chupa ya chai ili tumwone vizuri. Baba alikuwa amevaa koti lake la suti, limepigwa pasi mpaka linang'aa. Tukamsihi akae, akakataa. Akasimama, mkono mmoja kwenye mgongo wa kiti.

Akaanza na salamu.

Aliyekulia kwetu anajua, hotuba haianzi mpaka watu watambuliwe. Alimsalimu mchungaji, ambaye hakuwepo. Akamsalimu mgeni rasmi, ambaye nadhani nilikuwa mimi. Akamtambua Neema kwa jina la bibi aliyemrithi, akamtambua Baraka na ukoo wa baba yake wote. Kisha akaingia kwenye kaya. Kaya ya Mzee Madeje. Kaya ya Mama Mgoli. Kaya moja baada ya nyingine, zote alizozihamisha, wengi wao marehemu sasa, na kila akitaja moja anainamisha kichwa kidogo. Mwanzoni nilikuwa natafsiri. Baadaye nikaacha, maana ni majina matupu, utatafsiri nini? Baraka alikuwa anachora mpira pembeni mwa karatasi. Neema alishika kalamu, akingoja babu afike kwenye hoja.

Alipofika kwa Mzee Masima akashika kiti kwa mikono miwili. Akajikaza: "Na kaya ya Mzee Masima, ambao..." Kikohozi kikamshika. Kilimtikisa mpaka kiti kikaanguka. Tabitha akaidaka simu, akasema, "Tuishie hapo, dada. Hawezi."

Kuhusu Masima nakijua kitu kimoja tu, kwamba nyumba yake ilichomwa moto. Nani aliichoma, hapo ndipo baba huomba maji.

Mwalimu lazima amalize kipindi, nikawauliza watoto maswali yetu. Baraka akajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yao, kwamba babu hajasema kitu. Neema alifikiri kwanza, Mungu ambariki. Naye kwa Kiingereza, kwa upole kabisa, akasema jibu la swali la kwanza analo. Kwamba babu alikuwa anaongea na nani.

"Si na sisi, mama."

Ni kweli. Nimewapa wanangu Kiswahili cha njoo ule na zima taa, halafu nikategemea kwamba kitabeba kijiji kizima.

Bado nilikuwa na tumaini moja, kwamba akipata nafuu ataendelea. Leo asubuhi nikiwa kwenye basi Tabitha akapiga, akampa baba simu. Sauti yake imekuwa nyembamba, unaisikia kwa shida.

"Wajukuu walielewa?" akaniuliza.

Sasa hapo ungesema nini? Mzee amesimama na mapafu yale, ndani ya koti la suti, umwambie hawakuambulia kitu? Kwetu mzazi haambiwi hivyo. Jibu lilitoka lenyewe, kama mtu anavyosema "nzuri" akiulizwa habari, hata kama yuko msibani.

"Wameelewa, baba. Wamefurahi sana."

Akashusha pumzi ndefu. "Basi namshukuru Mungu. Leo nilikuwa nimejiandaa kuwamalizia, niseme na yale ya kwa Masima. Lakini kama wameelewa, imetosha. Sina haja ya kuyarudia."

Ningeweza kusema hapana baba, tafadhali, endelea. Mdomo ulikuwa wangu. Nikasema asante baba, pumzika. Nikamsikia akimwambia Tabitha arudishe koti sandukuni, kisha mfuniko ukafungwa.

Nililia mbele ya abiria wote, na watu wa hapa walivyo, wakaangalia dirishani.

Watoto sijawaambia. Niwaambie nini, kwamba babu yao alikuwa tayari kusema, na mimi ndiye niliyemnyamazisha kwa adabu zangu? Neema ameniuliza kipindi kijacho tunachambua hotuba ipi.

Kesho tunarudi kwa Mrusi. Yeye angalau ana maandishi chini.