Kwetu Wameuliza Kwa Nini

Jumatano, 4 Septemba 2024
Vyuo viwili vimenikubali! Ujumbe umenikuta kiwandani, mizanini, nikasahau gunia la alizeti la watu juu ya mizani. Bosi Zefania akafoka: karani gani anachekea simu? Nikaomba samahani. Mimi kila kitu naomba samahani.
Natakiwa kuthibitisha chuo kimoja kabla ya Jumapili. Nataka udaktari wa mifugo.

Alhamisi, 5 Septemba
Belinda naye kapata. Tulisoma darasa moja. Baba yake mwalimu. Anasema nyumbani waliuliza kitu kimoja tu: kozi gani? Kwetu wameuliza: kwa nini?
Mama aliuliza taratibu. Mjomba Laurenti aliuliza kama vile nimevunja kitu cha watu. Kazi ya kiwandani aliniombea yeye. "Una kiti, una feni. Unataka nini tena?" Halafu: "Mbuzi ulikuwa unakataa kuwachunga, leo ukawasomee!" Wote wakacheka. Na mimi nikacheka—mjinga.
Belinda nilimzidi alama. Naandika hapa kwa sababu kusema siwezi.

Jumamosi, 7 Septemba
Nimethibitisha. Chooni kiwandani, mgongo nimeegemeza mlango. Kidole kimebonyeza!

Jumapili, 8 Septemba
Kikao nyumbani Kinampanda, baada ya ibada. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno; binti akiwa na lake, mama humsemea. Nimewanawisha wazee; hapo binti hurudi jikoni. Sikurudi. Nimesimama na birika mkononi.
Mjomba akatangaza: Evodia anabaki kazini, tuombe tule.
Nikasema, "Shikamoo, mjomba. Nimeshathibitisha chuo."
Shikamoo ya pili ya nini? Nilishamwamkia asubuhi! Hofu tu. Lakini nimesema.
Hakuna aliyegusa ugali. Mjomba hakufoka—afadhali angefoka. Kaniambia niingie ndani nikafikiri, nitoke na jibu la mtu mwenye akili. Kisha nikamsikia anampigia bosi simu: njoo usikie mwenyewe, hawezi kukujibu hivi.
Sifikiri. Naandika.
Mama amechungulia. Nilidhani ataniomba nikubali. Kasema kwa sauti ya chini, "Ukitoka usikae mkekani. Ukikaa utalia."
Pikipiki ya bosi imeingia uani. Imezimwa. Mjomba anaita, mara ya pili sasa. Jibu ni lile lile, na leo hawatalisikia kwa mdomo wa mama. Natoka—