Mlinzi Aliyesahau Kazi Yake

Mama yangu,

Ejok? Nawoi atakusomea barua hii, na asiruke hata neno. Hapo Lorugum mmeamkaje? Goti lako linakuruhusu kufika kisimani? Mimi ni mzima, ila baridi ya Ujerumani inanionea.

Uliniambia kwa simu niache maabara nirudi, kwamba kumlilia Ekal sasa inatosha. Mama, silii. Nina hasira. Unakumbuka tumbo la mdogo wangu lilivyovimba baada ya ukame? Tulifurahi, tukasema sasa anashiba maziwa. Mimi nilimpigia makofi. Kumbe ni wengu uliovimba, ni ugonjwa wa kala-azar, na tulipomfikisha hospitali ya Lodwar tulikuwa tumechelewa. Makofi yale nayasikia mpaka leo.

Basi adui nimemjua, ni kijidudu. Huletwa na usubi, wale wa kwenye vichuguu alikopenda kukaa Ekal akichunga. Mwilini kuna seli walinzi, kazi yao ni kumeza vijidudu na kuviua. Seli zetu zote zina jeni zilezile. Kinachomfanya huyu awe mlinzi na yule awe ngozi ni jeni zipi zimefunguliwa na zipi zimefungwa. Mshenzi huyu, kijidudu cha kala-azar, anakubali kumezwa. Akishaingia anazifunga jeni za kuulia, mlinzi anasahau kazi yake, anamfuga adui kama mbuzi wake mwenyewe. Nilipomwona kwa darubini nilimtukana kwa Kiturkana. Mwenzangu akadhani nasali.

Jumanne nilizifungua jeni zile kwa kemikali tunayoijaribu. Kesho yake walinzi walikuwa wamekumbuka. Walikuwa wamewaua maadui karibu wote. Nilicheka, Mama, kicheko kibaya. Ni kwenye kisahani tu, si dawa bado, na profesa anataka nirudie. Nitarudia hata mara mia. Ndiyo maana siji mwaka huu. Unisamehe, lakini siji.

Nisalimie baba, na shangazi anayeuza samaki Kakuma. Nawoi, msomaji wetu, ashike vitabu. Na mjomba, yule anayewachanja wanaume mabegani wakishaua adui, mwambie aniwekee wembe. Atasema chale hizo si za wanawake. Mwambie aje ahesabu maiti kwa darubini, kisha aniambie tena.

Binti yako ambaye hajamaliza,
Akai