Mawese Yaliyogoma Kupoa

Sumbawanga, 9 Juni 1938

Kaka Halfani, huko Kirando,

Shikamoo. Mimi na shemeji yako Zubery tu wazima, ila upepo wa huku unatutafuna masikio. Wifi na watoto hawajambo?

Kaka, umenitia aibu. Yale madebe mawili ya mawese yamefika yameganda, kijiko hakipiti. Fransiska, yule mkunga anayenunua kwangu siku zote, anasema umechanganya na mafuta ya ng'ombe. Na mimi nina mimba ya miezi sita, baada ya wale wawili niliowazika. Sina nguvu ya kugombana na wateja. Niambie kweli.

Mdogo wako, Mwasiti

Kirando, 20 Juni 1938

Mdogo wangu,

Marahaba. Sote wazima, na tunaiombea mimba yako. Lakini ulimi huo! Nichanganye mimi, niliyenyonya nawe ziwa moja? Huku ziwani mawese humiminika kwa sababu ya joto. Huko kwenu hata mimi nikija naganda. Yatie kwenye chupa, yaanike juani, uone. Ukishaona, niombe radhi.

Kaka yako, Halfani

Sumbawanga, 2 Agosti 1938

Kaka yangu,

Shikamoo, na radhi naiomba kwanza. Nisamehe na kimya changu.

Mtoto alikuja tarehe nne Julai, miezi miwili kabla ya wakati. Wa kiume, anaenea kiganjani. Fransiska alikataza moto chumbani, moshi ungemziba pumzi. Tukamwekea chupa za maji ya moto. Mwanzo zinaunguza, kisha zinapoa upesi, na kucha zake zikageuka buluu.

Kesho yake nikaziona ukutani zile chupa za mawese nilizoanika kama ulivyosema, jua limeyayeyusha. Nikazifunga kanga, nikamzungushia. Kaka, sijapata kuona! Maji hupoa moja kwa moja. Mawese yakianza kuganda yanagoma kupoa. Yanaganda taratibu, na kadiri yanavyoganda yanatoa vuguvugu lile lile, saa baada ya saa. Jua lilikuwa limeshazama, na bado lilikuwa kitandani mwangu. Fransiska alishika chupa iliyoganda nusu, akaigeuza mara mbili, kisha akairudisha mwenyewe ubavuni mwa mtoto. Mimi nililia kwa mshangao.

Kila siku tunaanika, jioni tunamzungushia. Naogopa siku ya wingu, maana nikiyeyushia motoni chupa hupasuka. Jina bado sijathubutu kumpa.

Mdogo wako, Mwasiti

Kirando, 11 Agosti 1938

Mwasiti mdogo wangu,

Hatujambo, ila barua yako imetutoa machozi sote. Wifi yako ameisoma mara tatu. Napeleka debe jingine. Hili si la kuuza, mwanikie mpwa wangu.

Kaka yako

Sumbawanga, 30 Agosti 1938

Kaka,

Shikamoo. Debe limefika, Mungu akulipe.

Jana wingu lilitanda kutwa, mawese hayakuyeyuka. Nikamfunika blanketi, nikashika dua, usingizi ukanishinda. Asubuhi nimegusa chupa, zina baridi kama mawe. Nikamgusa yeye. Ana joto. Joto lake mwenyewe, kaka!

Tumemwita Lukmani. Ananyonya huku naandika. Leo jua limetoka, mawese ya zile chupa yameyeyuka, nimeyamimina chunguni, tunayala na maharage.

Mdogo wako, Mama Lukmani