Baba Mkwe Anaikumbuka Santuri Niliyoitengeneza Mimi

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla mimi sijamsaidia mtu mwingine tena, maana kila nikisaidia naharibu. Nina kiduka cha kuchapa, kadi za harusi, vitambulisho, kopi, kila kitu, shule niliishia darasa la saba lakini nimeishi nchi nne na naweza kuomba chai kwa lugha sita, na kwenye muziki wa roki wa zamani usinifananishe na mtu. Kuna bendi ya watu wanne ilivunjika hata sijazaliwa, kila mmoja akaenda kutoa albamu zake, basi sisi mashabiki mtandaoni tuna mchezo wetu, tunaokota nyimbo nzuri za kila mmoja, tunazipanga, tunaunda albamu ambayo bendi ingetoa kama wasingegombana, tunaipa jina, jalada na mwaka. Mimi naziita albamu za laiti. Nimeunda tano, na si kujisifu, wenzangu wa ng'ambo bado wananiuliza nimewezaje.

Sasa baba mkwe wangu, fundi saa mstaafu, aliipenda bendi hiyo tangu ujana, lakini mimi hakunipenda, miaka tisa ananiita "yule mtu wa kopi". Alipotimiza miaka sabini nikampelekea zawadi, moja ya zile zangu, inaitwa Tungebaki, jalada nimelichapa kwenye karatasi ngumu, nikalilowesha kwenye chai ya rangi likafubaa kama lina miaka hamsini, ndani nikatia sidii. Nia ilikuwa tucheke, kisha nimwambie. Mzee akaligeuza lile jalada, akasema, "Mwanangu, umeipata wapi hii? Hii ndiyo tuliyocheza na mama yenu siku ya harusi."

Kaniita mwanangu, mshauri. Ungekuwa wewe ungesema? Nikajibu, "Nimeitafuta sana, Baba."

Anaye rafiki wa miaka arobaini na zaidi, fundi cherehani tunayemwita Sindano, wanacheza drafti kila alasiri, naye anaijua bendi ile wimbo kwa wimbo. Akalitazama jalada akasema, "Bwana Saa, santuri hii haipo."

"Haipo vipi na umeishika?"

"Nilikuwepo harusini kwako, gauni la bibi harusi nilishona mimi. Bendi ilikuwa imeshavunjika. Umezeeka, mwenzangu, unachanganya."

"Macho yako ndiyo yamezeeka, ndiyo maana suruali zako siku hizi zina mguu mmoja mrefu."

Nikacheka nikidhani ni utani wao, kumbe ninacheka peke yangu. Sindano akachukua kofia yake, na hii ni wiki ya tatu hajakanyaga pale. Juzi mzee kaniuliza taratibu, "Mwanangu, akili zinaniacha?" Nikasema hapana, akaniuliza tena. Mke wangu, ambaye hajui kitu, Ijumaa anampeleka hospitali akapimwe kumbukumbu. Nikisema kweli, namnyang'anya ile dansi yake na marehemu mkewe, na mimi narudi kuwa mtu wa kopi. Nikinyamaza, Sindano harudi. Na kibaya zaidi, mzee anavyoisimulia harusi ile, mpaka taa na viti, mimi mwenyewe nimeanza kujiuliza labda santuri hiyo ilikuwepo. Nishike lipi?

Mimi,
Bingwa wa Kuchapa

*

Bingwa,

Nilikuwa nacheka mpaka nilipofika kwenye ile chai ya rangi. Tuanze na hili: santuri haikuwepo. Uliiunda wewe, kwa mashine yako, kwa mikono yako. Mzee ana ruhusa ya kuchanganyikiwa, wewe huna.

Lakini nyimbo zenyewe hukuzitunga. Wale wanne walizitoa, watu wakazinunua, na sitashangaa kama mmojawapo ndio uliopigwa harusini. Kwa hiyo humnyang'anyi mzee dansi yake, unamnyang'anya karatasi iliyooga chai. Usijikweze, bwana, harusi ya watu haikuningʼinia kwenye kiduka chako.

Najua utamu wa kuitwa mwana baada ya miaka tisa, na nakuhurumia. Ila tazama nani anaulipia. Sindano amesema kweli akaonekana mwongo, na baba wa watu anakwenda kupimwa ugonjwa uliompa wewe.

Usingoje Ijumaa. Anza na mke wako, leo, jikoni, bila kichekesho hata kimoja. Hospitali mzee aende akipenda, kwa umri wake kupimwa si aibu, lakini daktari aujue ukweli. Kisha nenda kwa Sindano, mwombe radhi, na umsindikize mwenyewe mpaka kwa baba mkwe wako. Akikataa, kaa pale kwenye cherehani yake mpaka achoke kukutazama. Wakiwa wote wawili, sema: "Baba, hii niliitengeneza mimi. Sindano alisema kweli. Nilinyamaza kwa sababu uliniita mwanao." Halafu funga mdomo. Usijitetee, usitanie, usieleze ulivyo bingwa. Akikurudishia jina la mtu wa kopi, lipokee, ni lako.

Mambo yakipoa, wapelekee albamu za kweli za wale wanne, kalamu moja na karatasi, uwaombe wapange ya kwao. Watagombana wimbo upi utangulie. Usiwaamue. Hawawezi kugombania wimbo bila kukaa meza moja.