Ami, Pesa ya Nasra Haikulala

Kwako Ami,

Sasa hivi Nasra kaingiza mikono miwili ndani ya beseni la unga, kajipaka uso mzima mpaka kwenye kope, kama poda ya sikukuu, kisha kaniambia, "Mama, mimi Idi!" Nimecheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikakumbuka ulichoandika jana, kicheko kikanikauka.

Umeandika kwenye gurupu la ukoo, mbele ya watu wote, kwamba Ijumaa unakuja Ibra kutuchukua mimi na yeye tukae kwako Nizwa, na biashara nifunge, kwa sababu ati nakula mali ya yatima, nakaa sokoni kwa pesa ya serikali kama mtu asiye na kwao. Ukatia na yale maneno yako: "Nchi haikui kwa kugawia watu pesa, inakua kwa watu kufanya kazi." Kisha ukatoka kwenye gurupu, usijibiwe. Wakwe zangu wamo humu, Ami. Wanamtaka Nasra, na sasa umewapa neno la kunishikia. Basi nakujibu humu humu; mikono ina unga, mimi nasema na simu inaandika. Mkeo yumo, atakusomea.

Unakumbuka Baba, ndugu yako, alipokufa? Nilikuwa na miaka saba. Ulikuja Samad ukanikuta nimejificha nyuma ya magunia, ukakaa nami chini kwenye vumbi na kanzu yako safi. Hukuniambia nisilie. Uliniuliza mtende wangu ni upi. Nikakuonyesha. Ukasema, "Huu ndio utakaokusomesha." Tende za Baba ukaziuza, ukanunua mbuzi, mbuzi ukawauza soko la Ijumaa pale Nizwa, mimi nimekushika kidole. Mtu mmoja akakukejeli, "Wewe, pesa ya yatima unaichezea biashara?" Ukamjibu bila kugeuka, "Mali ya yatima ukiilaza inakufa." Viatu vyangu vya skuli vilitoka kwa mbuzi wale. Sijasahau, na sitaki kusahau. Ndiyo maana hasira yangu na wewe inaniuma mara mbili.

Mume wangu Salim alipokufa kwa ajali njia ya Ashkhara, nilikaa eda. Miezi minne na siku kumi sitoki, na Nasra ananyonya. Ukaja ukasema, "Nipe karatasi zote, nitazipeleka mimi serikalini, mtoto aandikiwe pesa yake ya yatima. Wewe kaa eda yako." Nikakupa cheti cha kifo, cha ndoa, cha mtoto, vyote. Wiki mbili baadaye ukarudi nazo. "Wamekataa. Usijali, Ami yupo." Nikakubusu mkono. Nikakubusu mkono, Ami!

Eda ilipokwisha nikaenda ofisini mwenyewe. Binti wa kaunta akatafuta, akatafuta tena. "Dada, hapa hakuna aliyeleta kitu. Jina la mtoto halijapata kuingia." Nikamwambia aangalie vizuri, Ami wangu hasemi uongo. Akanitazama kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyonichoma khasa. Siku ile ile nikamwandikisha Nasra mwenyewe.

Nilipokuuliza hukukana. Ulisema, "Unataka watu waseme mtoto wa ukoo wetu analishwa na serikali na mimi nipo hai?" Kumbe ni hilo! Gunia la mchele la Ramadhani uliloliteremsha mlangoni kwangu mchana kweupe, majirani wote wanatazama, lile halikuwa aibu. Kulishwa na wewe ni fahari, haki ya Nasra ndiyo aibu.

Na nani asiyelishwa? Kiwanja ulichojengea maduka yako ulikinunua kwa nani? Serikali ilikupa. Skuli ulisoma bure, ukafanya kazi wizarani, leo una pensheni, na kwa pensheni hiyo ukafungua duka la pili. Mbona hukusema pesa ile imekutia uvivu? Kitu gani kinachoota mkononi mwako kikifika mkononi mwangu kinaoza?

Mimi nimesoma mpaka darasa la tisa, uchumi wa vitabuni siujui. Najua hivi tu: kabla pesa ya Nasra haijaanza kuingia, kazi yangu ilikuwa kukungoja wewe. Na mtu anayengoja hafanyi kitu, anatazama mlango. Ilipoanza kuingia, mwezi wa kwanza nilinunua maziwa na dawa ya kifua chake. Baadaye, kilichobaki nikanunulia karai na mtungi wa gesi. Sasa kila Jumatano niko soko la wanawake na visheti na mkate wa kumimina. Huko nyinyi wanaume hamruhusiwi hata kuchungulia, kwa hiyo sijui huko kukaa kwangu vibaya umekuona wapi. Mwenye duka la unga ananijua kwa jina. Jirani yangu Bi Thuraya, mumewe mgonjwa hatoki kitandani, tunakaanga pamoja tunagawana. Pesa ile hailali kwangu. Inatoka, inapita kwa watu, inarudi imenenepa kidogo. Huku si kukua kwa nchi? Au nchi ni maduka yako peke yake?

Na Nasra anakula kwanza, kabla ya unga, kabla ya gesi. Mwangalieni mashavu yake kwenye picha niliyoituma humu.

Basi Ijumaa usije kutuchukua. Hatutoki. Ninachotaka ni kimoja: rudi kwenye gurupu useme kwa kinywa chako kwamba zile karatasi hukuzipeleka. Wakwe zangu mpaka leo wanadhani ni mimi niliyezembea, haki ya mtoto ikachelewa, na mama mzembe ananyang'anywa mtoto. Neno lako wanalisikiliza. Langu hawalisikilizi. Ukinyamaza, Ami, utakuwa umenitoa Nasra mikononi, na hapo usiniite tena mwanao.

Nakuaga na hasira zangu, na shikamoo juu yake, maana hiyo ulinifundisha wewe na siwezi kuiacha.

Binti wa ndugu yako

Nimesahau jambo. Nasra akisikia honi yoyote nje bado anakimbilia mlangoni akidhani ni wewe, "Babu! Babu!" Nilitaka kumkataza, wallahi, nikashindwa. Siku utakayosema ile kweli, mimi mwenyewe nitamvisha nguo ya Idi nimlete mpaka Nizwa, na mbele ya watu wote nita— "We mwana, gari limefika, weka simu chini! Mikate iko wapi?" Bi Thuraya huyo, naja, Bi Thuraya, naja! Ami, mbele ya watu wote nitakubusu tena ule mkono.