Kabula, Jiko Limepasuka Tena

Kabula mwanangu,

Nakuandikia kwa mkono wangu, darasa la watu wazima limenifikisha hapa. Herufi zikipinda utanisamehe.

Tangu homa ikuchukue sijalia. Watu wanasema kilio kitakuja. Nateka maji, nalima shamba la kijiji, nasonga ugali. Jana nilikupakulia. Nikaiangalia sahani, nikarudisha ugali chunguni.

Mwenyekiti anataka tena kile kichaka cha kisimani kikatwe kuni. Ulipomwomba asubiri mpaka wanawake wajenge majiko yako ya udongo, yale yanayokula kuni chache, alikubali. Sasa anauliza, majiko yako wapi?

Wanawake wamenijia mimi. "Mama Kabula, wewe ndiye uliyezaa fundi, tuonyeshe." Nikaona haya kusema sikuwahi kukusikiliza. Unakumbuka uliposema jiko litaokoa vipepeo, nikatungua kipepeo changu cha kupepea moto, nikakificha, nikidhani mnakusanya vya jikoni? Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Wale wenye mabawa, mama! Wa kichakani!" Nikakujibu, mdudu haliwi, mafiga yangu matatu yananitosha. Neno hilo linanirudia kila nikikoka moto.

Basi mafiga nimeyang'oa. Bibi yako akasema nimeng'oa nyumba ya mwanawe, baba yako; nikamwacha aseme. Nikakanda udongo wa kichuguu, nikajenga jiko. Likapasuka. Nikajenga tena, likapasuka. Ndipo nikawaambia wenzangu kweli: sijui, mwanangu nilimpuuza. Nilidhani watanicheka. Mama Shija akasema, "Basi tusiojua tuko wengi, mwenzangu. Lete jembe." Akatia nyasi kavu zilizokatwakatwa, kama tunavyokandika ukuta. La tatu linakauka kivulini. Tumesema siku saba bila moto. Leo ni ya nne, na kila nikipita nalipapasa kama mtoto mwenye homa.

Nilikwenda kichakani. Vipepeo wapo, wa manjano, wametua kwenye tope la kisima. Sikusikia kitu moyoni. Nilikaa tu, kwa kuwa wewe ulikuwa ukikaa pale.

Kwaheri, mwanangu. Siwezi kukuahidi kwamba jiko halitapasuka. Nakuahidi kwenye mkutano wa kijiji nitasimama, mimi nisiyezoea kusema mbele za wanaume, niwaombe wasubiri kukikata kichaka. Nikikosa maneno, nitasimama hivyo hivyo, wanione.

Mama yako