Mukono yangu mu invitation yako

Sylvain,

Mvua ilianza huku Makomeno. Mama yangu iko bien, hata kama haukuuliza.

Jana nilipata PDF ya invitation ya ndoa yako na Plamedie. Jina yangu iko ndani kama mualikwa, na imeandikwa na mukono yangu mwenyewe. Ile malettre, a mpaka z, nilichoraka moja moja juu ya ndoa yetu, nikaiingiza mu programu ya Java, kila muntu apate jina yake kama vile tulimuandikia siye babili. Wewe ulibadilisha tu jina ya bibi. Hauna hata haya.

Lakini ile programu inachukuaka malettre kwa serveur yangu, ile ordinateur yenye inaichunga. Leo asubuhi nilifuta ile malettre yote. Ukiwasha programu, itakuletea erreur tu.

Bantu benye banabakia bila invitation, ubaandikie na mukono yako.

Domitille